Korosho Nzima

Getini kuna kijimashine kinachouliza kidole.
Unakiweka, kinawaza kidogo, kinasema Asante,
unaingia, siku yako inaanza kuhesabiwa.
Cha Siwajibu kilikuwa cha shahada, mkono wa kulia.
Leo karudi na bandeji, kaweka cha kati.
Jaribu tena.
Kaweka cha pete.
Jaribu tena.
Mlinzi Chitanda akaangalia viatu vyake.

Kukataliwa na mashine tumezoea, sisi wabanguaji.
Mafuta ya ganda hula ngozi taratibu,
unapaka majivu, unapaka nyonyo, yanakula tu.
Siku ya vitambulisho, pale Masasi,
kijana wa kompyuta alinifuta vidole kwa spiriti mara nne,
akauliza, Mama, kwani unafanya kazi gani?
Korosho, nikasema.
Aa, akasema.
Hakuuliza tena.

Ila kufutika ni jambo moja.

Mashine namba sita ilikuwa na kifuniko.
Kilifunguliwa msimu wa juzi, kilikuwa kinachelewesha kilo.
Kipo stoo, nyuma ya magunia,
nimekiona kwa macho yangu, hata kutu hakina.
Jumanne ile Siwajibu alikuwa ananieleza habari ya bati:
nyumba inataka ishirini na nane,
ameshanunua nyingi, anamwekea Mwera mmoja wa dukani kidogo kidogo,
zimebaki si

Sikusikia kilio.
Nilisikia mashine ikibadili sauti,
kama mtu anayekula wali akauma jiwe,
kisha ikaendelea kula.
Swichi iko ukutani. Hatua tisa.
Nilizihesabu siku ya pili, kwa utulivu, huku nalia.

Sitamsingizia msimamizi.
Nampoto mwenyewe alimpakia kwenye pikipiki yake,
akampeleka Mkomaindo kwa mafuta ya mfukoni mwake,
shati jeupe likaharibika, hakulalamika.
Jioni hiyohiyo, kwa mkono uleule,
akaandika kwenye daftari la ajali: uzembe wa mfanyakazi.
Naye ana msimamizi wake.

Mimi nilibaki kuosha trei.
Chini kabisa, kwenye maganda na yale mengine,
nikaokota korosho moja.
Nyeupe. Haina mkwaruzo. Imetoka nzima,
ile nzima ya daraja la kwanza
inayofungwa kwenye boksi la kusafiri.
Nusu zina bei yake.
Vipande vinakwenda kwa watu wa biskuti.
Nikakaa nayo kiganjani mpaka kengele ikalia,
sikujua niiweke kwenye ndoo ipi.

Fomu ya fidia ina jedwali.
Kidole gumba asilimia zake, cha shahada asilimia zake,
kilichokatika pingili moja, kilichokatika mbili.
Siwajibu alisoma akacheka, akasema,
Somoe, kumbe na sisi tunachambuliwa.
Kisha akauliza kitu ambacho hakimo kwenye fomu:
kwenye swala, ukifika pale pa kukinyoosha,
ninyooshe nini?
Nikamwambia tumuulize shehe.
Mpaka leo hatujamuuliza.

Basi getini Chitanda akatoa daftari la zamani, la kalamu.
Siwajibu akaandika jina kwa mkono wa kushoto,
herufi kubwakubwa, kama za mtoto wa darasa la kwanza,
U ya mwisho ikaanguka nje ya mstari, hapo pana I ikamngoja,
akaimalizia kwenye meza.
Akanigeukia.
Kile kifuniko kipo bado?

Tulikibeba wawili.
Upande mmoja mimi, wa pili yeye na vidole vyake tisa.
Ni kizito kuliko nilivyodhani.
Wenzetu waliacha viti, hakuna aliyesema neno,
Nampoto alisimama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga.
Kinashikwa na bolti nne.
Tumefunga tatu.
Ya nne tunaitafuta, na namba sita
haijawashwa.